Wimbo wa Wazazi Mbele ya Wageni

Wimbo ni mali ya ajabu. Mali nyingine ikitolewa hupungua mkononi mwa mtoaji. Wimbo ukitolewa humwendea mpokeaji na hubaki kwa mwenyewe, mzima kama ulivyokuwa. Kwa sababu hii watu wengi hudhani kuwa hapana hasara katika kuimba. Huimba shambani, harusini, chomboni na safarini, na mpita njia akisikia, hakuna aliyeibiwa. Walakini ziko nyimbo ambazo hazikutungwa ili zisikiwe na mpita njia. Ziko nyimbo za mfiwa, nyimbo za mfungwa, na nyimbo za mama anayembembeleza mtoto ambaye kesho atauzwa. Nyimbo hizi zilizaliwa gizani, zikaimbwa kwa sauti ya chini, na msikilizaji aliyekusudiwa alikuwa Mungu peke yake, au mwenzi wa mateso. Swali ninalotaka kulitazama katika insha hii ni hili: Je, mtoto wa watu walioimba nyimbo kama hizo ana haki ya kuzichukua, kuvuka nazo bahari, na kuziimba mbele ya wageni waliolipa kiingilio?

Swali hili si la kubuni. Vijana tisa walilibeba vifuani mwao miaka mia moja na hamsini na zaidi iliyopita, na safari yao ndiyo nitakayoifuata, kwa kuwa mambo ya maadili hueleweka vizuri zaidi yakiwa na miguu ya kutembelea.

Mwezi wa Januari 1866, mwaka mmoja haujatimia tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, shule ya watu weusi ilifunguliwa Nashville katika jimbo la Tennessee. Madarasa yake yalikuwa mabanda ya mbao yaliyokuwa hospitali ya askari. Ilipewa jina la Fisk, na mwaka uliofuata ikaandikishwa kuwa chuo kikuu. Waliokuja kusoma walikuwa wazee kwa watoto, wengi wao wametoka utumwani juzi tu, na kiu yao ya elimu ilipita uwezo wa mabanda yale. Kufikia mwaka 1871 mbao zilikuwa zimeoza, hazina ilikuwa tupu na wadai walikuwa mlangoni. Ndipo mweka hazina wa chuo, mzungu aliyeitwa George White, ambaye pia alifundisha kuimba, alipotoa shauri ambalo wengi waliliona kuwa la kichaa: achukue waimbaji wake bora, asafiri nao kaskazini, na kuimba mpaka fedha zipatikane. Tarehe 6 Oktoba 1871 waliondoka. Walikuwa vijana tisa, na mmoja wao alikuwa msichana mdogo, mtoto hasa. Wengi wao walizaliwa watumwa.

Mmoja wao, Ella Sheppard, ndiye aliyepiga piano na kumsaidia White kuwafundisha wengine. Alizaliwa mwaka 1851 akiwa mali ya mtu mwingine. Baba yake, aliyekwisha kununua uhuru wake mwenyewe, alimnunua binti yake kwa fedha. Mama yake akabaki kifungoni, akapelekwa mbali, na hawakukaa pamoja tena mpaka baada ya vita. Ella aliandika baadaye kuwa mama yake, katika saa ya kukata tamaa, aliwahi kutaka kujitupa mtoni pamoja na mtoto wake kuliko kumwona akikulia utumwani, na kwamba mwanamke mmoja mzee ndiye aliyemzuia. Nakumbusha habari hii ili tusije tukazungumza juu ya nyimbo za watumwa kama watu wazungumzao juu ya vyungu vya kale. Mwimbaji huyu aliposimama jukwaani alikuwa na mama, na mama yule alikuwa na mto.

Sasa linakuja jambo la maana. Vijana wale walipoanza safari hawakuziimba nyimbo za wazazi wao. Waliimba nyimbo za Ulaya, zilizoandikwa vitabuni, ili kuonyesha kuwa mtu mweusi akifundishwa hujifunza kama mtu mwingine. Nyimbo za utumwa waliziweka. Ella Sheppard alieleza sababu mbili. Ya kwanza, nyimbo hizo zilihusiana na utumwa na giza la zamani, nao walitaka kusahau. Ya pili, zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, waliozitumia katika ibada. Sababu ya kwanza ni haya. Ya pili ni heshima. Mara nyingi haya na heshima hukaa chumba kimoja, na mtu asiyeangalia hudhani ni kitu kimoja. Tutaona kuwa si hivyo.

Nyimbo zile ziliimbwa faraghani kwanza, chumbani, pamoja na mwalimu wao aliyewasihi wamfundishe. Kisha polepole zikatoka hadharani. Katika mji wa Cincinnati, siku moto mkubwa ulipoiteketeza Chicago, vijana hawa waliokuwa na madeni waliwapelekea walioungua mapato yao yote ya onyesho, ambayo hayakutimia dola hamsini. Walilala bila akiba, na hoteli nyingi zikawafukuza kwa ajili ya rangi yao. Katika Columbus mwalimu wao aliwapa jina la Waimbaji wa Yubile, kwa kukumbuka mwaka wa Biblia ambao watumwa huachwa huru. Mwezi Novemba, katika mji wa Oberlin, waliimba nyimbo za wazazi wao mbele ya mkutano wa makasisi. Mkutano ulikuwa na shughuli zake, ulinyamaza. Tangu hapo nyimbo za Ulaya zilirudi nyuma, na nyimbo za kifungoni zikashika mbele. Katika mwaka 1872 walirudi Nashville na dola 20,000.

Mwaka 1873 walivuka bahari. Mwezi wa Mei waliimba London mbele ya wakuu, na Malkia Victoria mwenyewe akawasikiliza. Waziri Mkuu Gladstone aliwakaribisha kwake. Walizunguka Uingereza na Uskoti karibu mwaka mzima, wakiimba makanisani na katika kumbi za miji ya viwanda. Walilala katika nyumba ambazo nchini kwao wasingeruhusiwa kuingia ila kwa mlango wa nyuma. Waliporudi mwaka 1874 walikuwa wamechuma karibu dola 50,000, na kwa fedha hizo jengo kubwa la matofali lilijengwa, Jubilee Hall, likafunguliwa siku ya kwanza ya mwaka 1876. Lingali limesimama mpaka leo. W. E. B. Du Bois, aliyesoma pale, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1903 kuwa machoni pake jengo lile lilionekana kama limejengwa kwa nyimbo zenyewe.

Hadithi hii ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Mwisho mwema hutufanya tusiulize tena swali la mwanzo. Basi na tuliulize, tukisikiliza kwanza hoja za yule anayesema kuwa vijana wale walikosea.

Hoja yake ya kwanza ni ya siri. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wimbo wa mtumwa ulikuwa kata iliyozama ndani ya mtungi na kujua kina chake. Watu waliokatazwa kusema walisema kwa wimbo. Waliokatazwa kukutana walikutana katika wimbo. Kumtolea mgeni wimbo huo ni kumfungulia mlango ambao wazazi waliufunga kwa gharama ya mijeledi.

Hoja ya pili ni ya malipo. Sala si bidhaa. Atozaye kiingilio ili watu wasikie sala ya mama yake ameipandisha sala hiyo sokoni, na mama yake alikuwa ameshapandishwa sokoni mara moja. Je, familia moja iuzwe mara mbili, kwanza mwili, kisha kilio?

Hoja ya tatu ni ya msikilizaji, nayo kwangu ndiyo kali kupita zote. Ni nani walioketi katika kumbi zile? Miongoni mwao walikuwamo wenye viwanda vya Lancashire, ambavyo kabla ya vita pamba yao nyingi ilitoka katika mashamba ya watumwa wa Marekani. Waliimba katika nchi ambayo bandari yake ya Liverpool ilitajirika kwa meli za watumwa katika karne iliyotangulia. Msikilizaji wa namna hii alilia, akalipa shilingi zake, akarudi nyumbani moyo wake ukiwa mwepesi. Alinunua nini? Yamkini alinunua machozi yake mwenyewe, na kwa machozi hayo akajiona ameshalipa deni. Wimbo uliotungwa kumlilia Mungu dhidi ya dhalimu umegeuka kuwa sabuni ya dhalimu.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Nimezipima kwa muda mrefu, na sina budi kukiri kuwa hapo kwanza nilizikubali. Lakini kila moja ina mahali inapochechemea.

Katika hoja ya siri, yatupasa kuuliza: siri ni ya nani? Mwenye siri ndiye mwenye haki ya kuitunza, na kwa hiyo ndiye pia mwenye haki ya kuifichua. Dhuluma ni mgeni kuchungulia dirishani na kwenda kutangaza. Katika siku zile hasa wachunguliaji walikuwa wengi. Wazungu waliojipaka masizi usoni walizunguka Marekani na Uingereza wakiwaigiza watu weusi kwa mzaha, na wasikilizaji wengi hawakuwa wamepata kusikia sauti nyingine iliyoitwa ya mtu mweusi. Kwa hiyo vijana wa Fisk hawakuchagua baina ya kuimba na kunyamaza kwa heshima. Walichagua baina ya kujisemea wenyewe na kusemewa na mwongo. Ukimya wa mwenye haki, mahali ambapo mwigaji anapiga kelele, hausikiki kuwa heshima. Husikika kuwa ni kukubali.

Katika hoja ya malipo, kuna tofauti kubwa baina ya kuuza kitu na kukitumia kuchuma. Auzaye hubaki bila kitu. Vijana hawa walipoimba hawakubaki bila wimbo, na zaidi ya hayo, nyimbo zao zilianza kuchapwa kitabuni mwaka 1872, zikaokoka na usahaulifu uliokuwa unazingoja. Tena tazama fedha ilikwenda wapi. Haikwenda kujenga jumba la mwimbaji, wala ghala la mfanyabiashara. Ilirudi Nashville kujenga shule ya watoto wa watu waliotunga nyimbo hizo. Mama aliyeuzwa hakupata faida ya bei yake. Lakini wimbo wake ulipochuma, mjukuu wake alipata dawati. Haya si mauzo ya pili ya familia. Ni riba kidogo iliyokusanywa juu ya deni kubwa lisilolipika.

Hata hivyo nisiseme kama kwamba malipo hayo hayakuwa na bei. Waimbaji walifanya kazi mpaka wakaugua. Mwalimu wao alimzika mke wake katika safari ya Uskoti. Thomas Rutling, mmoja wa wale tisa wa kwanza, alibaki Ulaya na kufa katika mji wa Harrogate mwaka 1915, mbali na nchi aliyozaliwa mtumwa. Jengo lile halikujengwa kwa nyimbo tu. Lilijengwa pia kwa mapafu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyobaki, nayo sitajidai kuishinda. Ni kweli kuwa machozi ya msikilizaji ni hati isiyo na sahihi. Historia ya pwani yetu inatoa ushahidi. Mwezi mmoja baada ya waimbaji hawa kufika London, tarehe 5 Juni 1873, mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa sahihi chini ya Sultani Barghash, kwa nguvu ya Uingereza ileile. Mtu angeweza kusema: tazameni, taifa lililolia limetenda. Lakini mkataba ulikuwa umekwisha kutakwa kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa London, na mizinga ya manowari ilikuwa na sauti yake. Tena utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja mpaka mwaka 1897, baada ya Waingereza kuitawala nchi miaka saba. Na hapo vijana wa Yubile waliporudi Ulaya katika safari ya pili, waliimba Ujerumani mwaka 1877, na katika mji wa Berlin watu walisikiliza kwa unyenyekevu. Hazikupita hata miaka minane, katika mji uleule, mkutano wa mwaka 1884 hadi 1885 uliweka kanuni za mataifa ya Ulaya kujitwalia ardhi ya Afrika, na Tanganyika ikawa mali ya Wajerumani. Masikio yaliyoguswa hayakuizuia mikono.

Basi wimbo haukufaa kitu? Hapo ndipo hoja ya tatu inapochechemea nayo. Inampima mwimbaji kwa tabia ya msikilizaji. Mwimbaji hakuahidi kumgeuza msikilizaji kuwa mwema; aliahidi kusema kweli kwa sauti nzuri. Msikilizaji akiifanya kweli hiyo sabuni, dhambi hiyo ni ya mwogaji. Kama kweli ingefichwa mpaka wapatikane wasikilizaji walio safi, isingesemwa milele. Tena si kila aliyesikiliza alikuwa katika viti vya mbele. Mtoto mweusi wa Nashville, aliyesikia kuwa wimbo wa bibi yake aliouonea haya umenyamazisha ukumbi wa malkia, alisikia jambo ambalo hakuna hotuba ingeweza kumwambia: kwamba kilichotoka kwao hakikuwa takataka za utumwa. Haya ilimtoka, heshima ikabaki. Hapo vitu viwili vilivyokaa chumba kimoja vilitengana, na wimbo ndio uliovitenganisha.

Msomaji ataniuliza, yatuhusu nini sisi wa pwani? Yatuhusu sana, kwa kuwa sisi tulichagua njia ya pili. Njia ya misafara kutoka Ujiji kwa Tabora mpaka Bagamoyo ilipitisha maelfu ya wafungwa, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na mikono isiyo huru. Watu hao walikuwa na vinywa. Haiwezekani kuwa hawakuimba. Lakini wajukuu wao, wakitaka kuheshimiwa miongoni mwa majirani, walifunga mdomo juu ya asili yao. Na majirani, kwa adabu au kwa kiburi, hawakuuliza mbele ya watu, ila waliulizana uani. Tuliita ukimya huo stara. Stara ni jambo jema, nami siikashifu. Lakini stara iliyofunika jeraha na kovu, na wimbo pamoja navyo, imefunika zaidi ya iliyotakiwa. Sasa wazee wanakwenda, na kila anayezikwa huzikwa na beti zake.

Wako waliothubutu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya watu wa chini, alisafiri na wapigaji wake mpaka Bombay mwaka 1928, akaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri, wakati ambapo taarabu ya jumbe za wakuu ilikuwa ya Kiarabu. Waliomcheka kwa asili yake walinunua sauti yake. Baada yake Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliichukua ngoma ya unyago, iliyo ya faragha ya wanawake, akaipiga katika majukwaa ya Ulaya. Wengine walisema amevunja mwiko. Nadhani swali lililofaa kuulizwa lilikuwa lile lililowahusu vijana wa Fisk: Je, aliyefungua mlango alikuwa mwenye nyumba?

Kwa hivyo nafikia hukumu yangu, nayo ina masharti matatu. La kwanza, wimbo wa machozi na uimbwe na mwenye machozi au mrithi wake, kwa hiari, si kwa kusukumwa na njaa ya mwingine. La pili, kinachochumwa kirudi nyumbani ulikotoka wimbo. La tatu, mwimbaji asimpe msikilizaji risiti. Asimwambie, kwa uso wala kwa maneno, kuwa kwa kulia kwake amekwisha kulipa. Safari ya vijana wa Fisk ilitimiza la kwanza kwa sehemu kubwa, ijapokuwa madeni ya chuo yaliwasukuma. Ilitimiza la pili kikamilifu. Na la tatu haikuweza kulitimiza, maana mwenye kuomba fedha hupata taabu kumkumbusha mtoaji deni lake. Sioni kuwa tunaweza kuwalaumu. Walikuwa vijana, walikuwa na baridi, na nyuma yao palikuwa na shule iliyokuwa inaanguka.

Ella Sheppard aliishi mpaka mwaka 1914. Baada ya safari zote alirudi Nashville, akajenga nyumba, akakaa humo na mama yake, yule aliyetaka kwenda naye mtoni. Sijui kama jioni waliimba. Lakini kama waliimba, hapakuwa na kiingilio, wala mgeni, wala makofi. Na wimbo ulikuwa mzima, haukupunguzwa hata neno moja na kumbi zote ulizopita. Hilo linanitosha kuwa jibu. Mali iliyokwenda kwa malkia ikarudi kwa mama bila kupungua haikuuzwa.